Gari la Spoti Linalokula Oili: Kupima, Kuchagua na Kununua Oili Hapa Uganda

Injini inayokula oili haifi kwa sababu inakula. Inakufa siku kijiti cha kupimia kinapotoka kikavu na mwenye gari hana habari. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia oili gani ununue, tuanze na kujua inapungua kiasi gani na inapita wapi. Ukifika Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ukasema Subaru Impreza yako inakula oili, utapewa majibu matatu kabla hujamaliza kueleza: weka oili nzito ya 20W-50, weka dawa ya kuongeza uzito, au badilisha injini. Kila jibu linaweza kuwa la kweli kwa gari la mtu fulani. Kama ni la kweli kwa gari lako, ni vipimo tu vitakavyosema.

Nazungumzia magari tunayoyajua: Subaru Impreza WRX na Legacy GT, Lancer Evolution, Toyota Altezza, Celica, na hizi Toyota 86 za karibuni. Karibu yote yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipozuia kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu yatengenezwe, WRX za zamani tunazozipenda ni zile zilizokuwa hapa tayari, zinazeeka pamoja nasi. Kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi usizitegemee sana.

Mazda RX-8 iweke kando. Injini yake ya rotari imeundwa kujipulizia oili kidogo ndani ya chumba cha mwako, kwa hiyo kula oili ni tabia yake ya kuzaliwa. Mwenye RX-8 asome sehemu ya kununua na ya kukagua kijiti, mengine ayaache.

Hatua ya kwanza: pima kwa kilomita elfu moja

Egesha mahali tambarare. Asubuhi kabla ya kuwasha, chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena, kisha usome pande zote mbili. Kwenye Subaru upande mmoja hudanganya mara kwa mara, kwa sababu oili hujipaka ndani ya bomba la kijiti wakati unakichomoa. Amini upande unaoonyesha oili kidogo. Asubuhi ni bora kuliko kupima kituo cha mafuta, maana usiku kucha oili imeshuka yote kutoka kwenye vichwa vya silinda.

Jaza hadi alama ya juu, usiivuke. Wapo wanaozidisha nusu lita "ya akiba". Oili ikizidi, krankishafti huipiga ikawa povu, na mvuke wake hunyonywa kupitia bomba la kupumulia injini na kuchomwa. Hapo utaona moshi zaidi na kudhani injini imeharibika zaidi.

Sasa andika kilomita, uendeshe kama kawaida yako. Kampala hadi Gulu na kurudi ni kama kilomita 670. Ukiongeza wiki chache za mjini, elfu moja inatimia. Usipime kwa foleni ya Jinja Road peke yake, wala kwa barabara kuu peke yake, kwa sababu ulaji wa oili hubadilika sana kati ya hizo mbili. Kila unapoongeza, tumia chupa ya maji ya nusu lita iliyokauka kabisa, na uandike. Kwenye injini nyingi, kati ya alama ya chini na ya juu pana takriban lita moja. Kitabu cha gari lako kitakupa kiasi chenyewe.

Kiasi gani ni kingi? Vitabu vingi vya Toyota vinataja hadi lita moja kwa kilomita 1,000 kama kikomo kinachokubalika, na watengenezaji wengine hawako mbali na hapo. Hicho ni kikomo cha mtengenezaji anayejilinda asidaiwe. Injini yenye afya hula kidogo sana kuliko hapo. Lakini makanika anayekuambia injini imekwisha kwa sababu ilikula robo lita kwenda Mbarara na kurudi, huyo anakuharakisha.

Jambo moja hufichika: nusa kijiti. Kikinuka petroli, basi petroli inashuka ndani ya oili, hasa kwenye turbo iliyochezewa kompyuta ikawekewa mafuta mengi, au gari linalokwenda safari za dakika tano tano bila kupata moto. Petroli huifanya oili iwe nyepesi na kujaza pengo la iliyoungua, hivyo kijiti kinaonyesha kiwango kizuri wakati kilichomo si oili kamili.

Hatua ya pili: tafuta inakopita

Anza na kuvuja. Magari mengi yanayosemekana yanakula oili yanaimwaga. Osha injini, endesha siku mbili, kisha utandike boksi lililofunguliwa chini ya gari usiku. Kwenye Subaru, gasketi za vifuniko vya valvu zikichoka, oili hudondokea bomba la moshi lililo chini yake. Utanusa oili inayoungua ukiwa kwenye foleni, na nyuma hakuna moshi wa bluu hata kidogo. Hakuna oili ya dukani itakayoponya hilo, linataka gasketi.

Kama hakuna kuvuja, tazama moshi. Wa bluu ndio wa oili. Mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto ni maji ya rejeta. Moshi wa bluu unaotoka ukiwasha asubuhi kisha ukaisha, au unaotoka ukikanyaga tena mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu umeachia, huelekeza kwenye sili za valvu zilizokakamaa. Unaotoka ukiongeza kasi kwa nguvu, gari likiwa na mzigo, huelekeza kwenye ringi za pistoni. Ule unaojikusanya ukisimama muda mrefu gari linaunguruma, halafu ukatoka kama wingu unapoondoka, mara nyingi ni turbo. Subaru ina udhuru wake mmoja: injini imelala, kwa hiyo ukiegesha kwenye mteremko wa upande, oili kidogo huingia kwenye silinda za upande wa chini na kutoa moshi wa muda mfupi asubuhi. Huo usikukoseshe usingizi.

Toa plagi zote. Moja ikiwa imelowa oili na nyingine kavu, ugonjwa uko kwenye silinda hiyo. Fungua bomba linalotoka kwenye turbo kwenda kwenye intakula, kile kipozeo cha hewa ya turbo. Utando mwembamba wa oili ni kawaida, dimbwi si kawaida. Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Mafundi wengi hupima mara mbili, mara ya pili wakiwa wametia kijiko cha oili kwenye silinda ili kujua kama ni ringi au valvu. Kwenye injini iliyolala kama ya Subaru kipimo hicho cha pili hakiaminiki sana, kwa sababu oili hukaa chini ya pistoni badala ya kuizunguka. Tafuta fundi mwenye kifaa cha kupima upepo unaovuja kwenye silinda. Kitakuambia mengi zaidi.

Kabla ya kukubali kwamba ni ringi, badilisha valvu ya PCV. Ni kitu kidogo cha bei ndogo kinachotoa mvuke ndani ya injini. Ikikwama wazi, inanyonya oili. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili popote itakapopata njia. Itikise: nzima hulia ndani. Sijui kwa nini gereji nyingi huiruka na kwenda moja kwa moja kwenye kufungua injini. Au labda najua.

Halafu kuna vumbi, na hapa nitakaa kidogo. Barabara zetu za murami zina vumbi laini sana, na mtindo wa magari ya spoti ni kutoa boksi la chujio la hewa la kiwandani na kufunga koni wazi ili turbo isikike. Koni hiyo ikiwa ya bei rahisi, au imeoshwa mara nyingi mpaka imetoboka, vumbi jekundu linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi na kuta zake. Pitisha kidole ndani ya bomba, baada ya chujio. Ukikuta wekundu, umeshampata mwizi wa oili yako, na oili yoyote utakayoweka itaendelea kuibiwa mpaka urudishe boksi la kiwandani lenye chujio la karatasi. Sauti itapungua. Ringi zitadumu.

Hatua ya tatu: soma kopo kwa hali ya hewa ya hapa

Namba ya kwanza, ile yenye W, inahusu baridi. Oili ya 10W hupimwa uwezo wake wa kuzungushwa na stata kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Kampala haijawahi kuona hata sifuri, na Kabale usiku wa baridi bado iko juu yake. Kwa hiyo anayekuambia 5W ni lazima ili gari liwake vizuri asubuhi anakusomea kitabu cha nchi nyingine. Kwetu sisi 10W inatosha, isipokuwa kitabu cha gari lako hakiitaji.

Namba ya pili ndiyo uzito wa oili injini ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 na ya 40 hazitofautiani kama maji na asali, ni ngazi moja tu. Lakini ngazi hiyo inaonekana kwenye kipimo kiitwacho HTHS, kinachoangalia oili ikiwa nyuzi 150 na ikibanwa kwa kasi kubwa, kama inavyobanwa ndani ya beringi na kwenye ringi. Oili ya 30 inatakiwa kufikisha 2.9, ya 5W-40 au 10W-40 inatakiwa 3.5. Kopo likiwa na maandishi ACEA A3/B4 au C3, viwango vya watengenezaji magari wa Ulaya, limeahidi 3.5 au zaidi, hata kama uzito wake umeandikwa 30. Kwa injini ya turbo iliyochoka, mimi naangalia maandishi hayo kabla ya rangi ya kopo.

Kipimo ambacho wauzaji hawakitaji ni NOACK. Oili huwekwa kwenye nyuzi 250 kwa saa moja, kisha hupimwa imepotea asilimia ngapi kwa mvuke. API SN, kiwango cha Marekani, inaruhusu hadi 15, ACEA A3/B4 hadi 13, na sinthetiki nzuri hushuka hadi 10 au chini yake. Gari linalokula oili kwa njia ya mvuke litahisi tofauti hiyo bila wewe kubadilisha uzito hata kidogo. Namba hii haiandikwi kwenye kopo. Tafuta karatasi ya vipimo ya oili hiyo kwenye intaneti, kwa jina lake kamili na uzito wake. Kampuni isiyoionyesha popote, mimi huiruka.

Herufi za API: SP ilianza mwaka 2020, SN mwaka 2010, SL mwaka 2001. Ukikuta kopo la SF au SG linauzwa kwa gari la turbo, lirudishe kwenye rafu. Kwa injini za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, tafuta SP, kwa sababu ilitengenezwa ikizingatia ule mlipuko wa mapema unaovunja pistoni kwenye mwendo mdogo.

Vipi oili ya malori, 15W-40 ya dizeli? Inasafisha vizuri na bei yake ni nzuri, ndiyo maana wengi huipenda. Shida ni kwamba gari lako linaichoma. Madini yake ya kusafisha huacha majivu juu ya pistoni, na fosforasi huharibu katalitiki konveta, kile kisafisha moshi. Gari lisilochoma oili linaweza kuvumilia. Linalochoma lita nzima kila kilomita elfu linajijengea kichuguu ndani.

Hatua ya nne: amua

Mizani yangu ni hii. Ulaji ukiwa chini ya robo lita kwa kilomita 1,000, usibadilishe uzito. Kaa na kitabu, ila nunua sinthetiki kamili yenye NOACK ndogo.

Ukiwa kati ya robo lita na robo tatu, na umeshamaliza mambo ya kuvuja, PCV na vumbi, panda ngazi moja tu kwenye namba ya pili. WRX ya 5W-30 iende 5W-40 au 10W-40 sinthetiki, A3/B4, SN au SP. Toyota 86 iliyoandikiwa 0W-20 ipande kwenye 30, isiruke hadi 40. Sababu ya kutoruka ni kwamba magari haya hutumia presha ya oili kugeuza majira ya valvu: AVCS kwa Subaru, VVT-i kwa Toyota, MIVEC kwa Mitsubishi. Vijia vya oili huko ni vyembamba. Baadhi ya Subaru za turbo zina hata kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti inayopeleka oili kwenye turbo, na kikiziba turbo inakufa kimya kimya. Unapobadilisha uzito, mwambie fundi akikague.

Altezza au gari lingine lisilo na turbo, linalotoa moshi asubuhi tu kwa sababu ya sili za valvu, linafaidika na oili za magari yaliyotembea sana. Zina viungo vya kulainisha mpira uliokakamaa. Mpe muda, sili hailainiki kwa wiki moja.

Celica na MR-S zenye injini ya 1ZZ zilizotengenezwa kabla ya marekebisho ya pistoni ya mwaka 2002 hivi zina kisa chao. Matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yakajaa kaboni, ringi zikakwama. Oili nzito husaidia kidogo sana hapo. Bora sinthetiki inayosafisha vizuri, ibadilishwe mapema, kila kilomita 4,000 hivi kwa vipindi vitatu au vinne, kisha upime tena. Ile dawa ya kuosha injini kwa dakika kumi kabla ya kumwaga oili siipendekezi kwa injini ambayo hujui ilitunzwaje. Inaweza kung'oa uchafu wote mara moja ukaenda kuziba mdomo wa pampu.

Na 20W-50? Inaweza kweli kupunguza moshi, ndiyo sababu ina wapenzi. Baadhi ya vitabu vya zamani vya Subaru vinaruhusu uzito huo kwa joto kali na kazi nzito, kwa hiyo soma cha kwako. Lakini nyingi zinazouzwa kwetu ni oili ya madini ya kiwango cha chini, na ndani ya turbo huiva ikawa mkaa. 10W-60 nayo iliwekwa kwa injini maalumu kama ile ya BMW M3 E46, haikukusudiwa kila gari lenye bomba kubwa la moshi. Dawa za kuongeza uzito ni polima tu. Injini ya moto huzikatakata, zikabaki masizi kwenye ringi zilezile unazojaribu kuziponya.

Likipita lita moja kwa elfu, oili inakununulia muda tu. Na kwa turbo, muda huo una hatari: oili ikiingia kwenye mwako hupunguza uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo wa turbo, injini inaanza kugonga, na mgongano huo huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Pistoni ikivunjika kingo, oili inaingia zaidi. Weka petroli ya oktani ya juu, punguza presha ya turbo, acha mashindano ya Busiika mpaka injini itengenezwe. Kwenye kona ndefu, oili iliyopungua hukimbilia upande mmoja na pampu ikanyonya hewa.

Hatua ya tano: nunua iliyo halisi

"Bosi, hii ni orijino" ni sentensi isiyo na gharama kwa anayeisema. Nunua kwenye kituo cha mafuta cha kampuni yenyewe au kwa wakala wanayemtambua. Linganisha namba ya toleo kwenye kopo na tarehe yake, angalia pete ya kifuniko haijaguswa na lebo haina makosa ya herufi. Kopo moja likiwa bei rahisi mno kuliko kila mahali, ujue kuna sababu. Oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa iache kabisa kwa gari la turbo. Ukimaliza, toboa makopo matupu kabla ya kuyatupa, maana yapo yanayorudi sokoni yakiwa yamejazwa.

Chukua filta yenye valvu ya kuzuia oili kurudi chini, na nunua lita moja au mbili za ziada za toleo lilelile. Hizo zikae kwenye buti.

Kuishi nayo

Kagua kijiti kila unapojaza petroli, hata kama jana kilikuwa sawa. Kuongeza oili hakuhesabiki kama kubadilisha. Uchafu wa zamani bado umo, kwa hiyo mwaga yote na ubadilishe filta kila kilomita 5,000. Ukijikuta Karuma usiku kijiti kiko chini ya alama na oili yako imeisha, ongeza yoyote ya SN au SP yenye uzito wa karibu. Oili za injini za petroli zenye alama za API huchanganyika, na mchanganyiko ni salama mara nyingi zaidi kuliko ukavu.

Baada ya vipindi viwili vya oili mpya, rudia kipimo cha kilomita elfu. Kama kimeshuka, baki hapo. Kama hakijabadilika, usipande ngazi nyingine. Pesa ya kopo linalofuata iweke kwenye mfuko wa ringi au wa injini.

Ukiamua kununua injini iliyotoka Japani badala ya kufungua yako, kumbuka nayo inaweza kuwa mlaji. Kabla ya kulipa, omba plagi zitolewe uzitazame, fungua kifuniko cha oili uone kama kuna utope mweusi, tia kidole kwenye mdomo wa turbo uone kama mhimili unacheza au kuna oili iliyotuama, na kubaliana kwa maandishi siku za majaribio. Muuzaji akikataa kutoa plagi, kibanda cha jirani nacho kinauza injini.